MITI INAYOITWA KWA MAJINA YA WENZIWE
Somo la kupanga miti kwa koo zake

Mtu atembeaye ufuoni kutoka Diani hata Msambweni huiona mivinje imesimama kando ya mchanga, majani yake membamba kama sindano, ikivuma kila upepo unapopita. Mtu huyo huyo akipanda milima ya Shimba ataikuta misonobari iliyopandwa huko, nayo ina sindano, nayo huvuma vile vile. Bila shaka atasema kwamba hiyo ni miti ya ukoo mmoja. Tena katika kivuli cha msitu atakutana na mti mfupi, mnene, wenye majani marefu yaliyotanda kileleni kama makuti. Huo ni mtapo, ambao majani yake hutumiwa kupamba mahali pa sherehe. Naye atauhesabu kuwa ni ndugu wa mnazi au wa mkindu.

Katika mambo hayo mawili atakuwa amekosa. Mvinje, ufananao na msonobari, una udugu wa karibu zaidi na mnazi. Na mtapo, ufananao na mnazi, una udugu wa karibu zaidi na msonobari. Usione ukadhani, walisema wazee. Na neno hilo lafaa sana kwa habari za miti.

Somo hili laeleza jinsi wataalamu wanavyoipanga miti kwa koo zake, na kwa nini mti mmoja huweza kuchukua jina la mwingine kwa mamia ya miaka. Mfano mkubwa utakuwa mti uitwao mjuniperi, ambao watu wa mataifa mengi wameuita mwerezi ingawa si mwerezi. Mwisho wa somo msomaji ataona kwamba kosa la jina laweza kumharibia mtu nyumba yake, kumtia ugonjwa, au kuumaliza mti wenyewe duniani.

MBEGU NDIYO SHAHIDI

Mtaalamu wa miti hatosheki na umbo la jani wala kimo cha mti. Majani hubadilika kwa ajili ya jua, upepo na ukame. Miti miwili isiyo ndugu, ikikaa mahali pamoja pa shida, huweza kuvaa vazi moja. Kwa hiyo mtaalamu hutazama kwanza jinsi mti unavyozaa.

Miti yote izaayo mbegu imegawanyika katika makundi mawili makubwa. Kundi la kwanza ni miti yenye maua ya kweli, na mbegu zake hufichwa ndani ya tunda. Mwembe, mkorosho, mnazi, mbuyu na mkwaju ni ya kundi hili, pamoja na nafaka zote. Kundi la pili ni miti isiyo na maua ya namna hiyo. Mbegu zake hazifungwi ndani ya tunda. Hukaa wazi juu ya magamba, na kwa kawaida magamba hayo hukusanyika pamoja na kufanya kitu kimoja kiitwacho koni. Msonobari ni wa kundi hili la pili.

Sasa na tuutazame mvinje. Chukua kijiti kimoja chembamba kinachodhaniwa kuwa ni jani, ukivute taratibu. Kitakatika penye vifundo, kipande baada ya kipande, kama muwa mdogo. Penye kila kifundo pana meno madogo saba au manane, madogo mno hata jicho huyapita. Meno hayo ndiyo majani yenyewe. Kile kilichodhaniwa kuwa sindano ni tawi. Mvinje hutoa maua, ingawa ni madogo yasiyo na uzuri, na kile kigumu kinachofanana na koni ni mkusanyo wa matunda madogo yaliyoshikamana. Basi mvinje ni wa kundi la mwembe na mnazi.

Mtapo ni kinyume chake. Hautoi ua wala tunda. Katikati ya majani yake hutokea koni kubwa, na katika koni ya mti wa kike, magamba yakiachana, huonekana mbegu nyekundu zilizokaa wazi. Kwa hiyo mtapo na msonobari ni wa kundi moja. Jina lake la kitaalamu ni Encephalartos hildebrandtii, nalo lilitolewa mwaka 1874 kwa kumkumbuka Johannes Hildebrandt, Mjerumani aliyekusanya mimea katika pwani hii.

Jina la namna hiyo lina maneno mawili. Utaratibu huo uliwekwa imara na Carl Linnaeus wa Sweden katika kitabu chake cha mwaka 1753. Neno la kwanza ni jina la jamii, ambayo siku hizi huitwa jenasi. Neno la pili huonyesha namna moja hasa ndani ya jamii hiyo, nayo huitwa spishi. Jamii kadhaa zenye udugu hufanya ukoo, yaani familia. Ni kama mtu anavyotajwa kwa jina lake, kisha kwa jina la mlango wake, kisha kwa kabila lake.

JINA LILILOSAFIRI

Mwerezi wa kweli ni mti wa Lebanoni, ambao sifa zake zimeandikwa tangu zama za kale. Jamii yake hupatikana pia katika kisiwa cha Cyprus, katika milima ya Atlas huko Maroko na Algeria, na katika milima ya Himalaya. Ni wa ukoo wa msonobari. Sindano zake hukaa mafungu mafungu, na koni zake ni kubwa, husimama wima juu ya tawi, kisha hupukutika zingali mtini. Mwerezi wa namna hiyo haumei wenyewe mahali popote katika Afrika ya Mashariki.

Ubao wa mwerezi una harufu nzuri, nao haushikwi upesi na wadudu. Kwa hiyo, kila mahali wasafiri walipokuta mti mwingine wenye ubao wa harufu nzuri, waliuita mwerezi. Waingereza walipofika Amerika ya Kaskazini waliukuta mjuniperi wa huko wakauita mwerezi mwekundu. Hata katika vitabu vya dini miti hii imechanganywa. Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 yasema kwamba nabii Eliya aliketi chini ya mjuniperi jangwani. Lakini mti ule ni kichaka cha ukoo wa kunde na mkwaju. Wafasiri wa Kiswahili walifanya uangalifu zaidi, wakaliacha jina la Kiebrania na kuandika mretemu.

MJUNIPERI WA VISIWA VYA ATLANTIKI

Watu wa pwani wanawajua Wareno kwa habari ya Vasco da Gama aliyefika Mombasa mwaka 1498, na kwa Ngome ya Yesu waliyoanza kuijenga mwaka 1593. Kabla ya kuzunguka Afrika, mabaharia wa taifa hilo walikuwa wamekwisha kukaa katika visiwa vya Bahari ya Atlantiki: Madeira tangu miaka ya 1420, kisha Azores. Wahispania nao walivitwaa visiwa vya Kanari, na vita vyao huko vilikwisha mwaka 1496.

Katika visiwa hivyo vyote waliukuta mti wenye majani ya sindano na ubao wa harufu nzuri. Wote wakauita cedro, maana yake mwerezi. Dari la kanisa kuu la Funchal, mji mkuu wa Madeira, lilitengenezwa kwa ubao wa mti huo. Lakini mti wenyewe ni mjuniperi, nao si wa ukoo wa msonobari hata kidogo. Ni wa ukoo wa saipresi.

Alama ya mjuniperi ni koni yake. Magamba yake ni laini, nayo huungana kabisa hata koni yote ikawa duara na kuonekana kama zambarau ndogo. Mtu akiiona hudhani ni tunda, na ndege hudhani vivyo hivyo. Huimeza, kisha huitupa mbegu mbali na mti mama. Hivyo ndivyo mijuniperi ilivyoenea hata juu ya majabali ya visiwa.

Wataalamu wawili, Philip Barker Webb wa Uingereza na Sabin Berthelot wa Ufaransa, waliandika kitabu kikubwa cha habari za visiwa vya Kanari, kilichotolewa sehemu kwa sehemu baina ya mwaka 1836 na 1850. Wao waliupa mti wa Kanari jina la Juniperus cedrus. Jina hilo lina maneno yote mawili ya ugomvi: la kwanza lasema mti huu ni mjuniperi, na la pili lakumbusha kwamba watu wameuita mwerezi.

Mti wa Azores ulipewa jina la Juniperus brevifolia, yaani mjuniperi wa majani mafupi. Mti wa Madeira ndio ulioleta shida. Kwa muda mrefu ulihesabiwa kuwa ni ule ule wa Kanari, au tawi lake dogo tu, kwa kuwa kwa macho miti hiyo hufanana sana. Baadaye wataalamu wakapata njia ya kuchunguza chembe za urithi zilizo ndani ya kila kiumbe, ambazo huonyesha nani ni ndugu wa nani hata pale umbo linapodanganya. Mtaalamu wa Marekani Robert Adams aliyechunguza mijuniperi ya dunia nzima aliona kwamba mti wa Madeira ni namna ya peke yake, akauita Juniperus maderensis.

Msomaji atauliza, je, jina jipya lina faida gani kwa mti? Jibu ni hili. Miti ya Madeira iliyobaki porini ni michache mno, kwa maana ilikatwa kwa ajili ya mbao tangu siku za Wareno wa kwanza. Ilipohesabiwa pamoja na miti ya Kanari, uchache wake ulijificha ndani ya hesabu ya wenziwe. Ilipohesabiwa peke yake, hatari ilionekana wazi. Ni kama kijiji chenye kisima kimoja kilichohesabiwa pamoja na kijiji jirani chenye visima kumi: kwa karatasi watu wote wana maji, kumbe upande mmoja watu wana kiu.

Mti wa Kanari nao uliteswa na mashoka na mbuzi, hata miti mingi iliyosalia ni ile ya kwenye majabali ambako mtu na mnyama hawafiki kwa urahisi. Miongoni mwake iko iliyoishi zaidi ya miaka 1,000.

MTARAKWA WA KENYA

Kenya pia ina mjuniperi wake. Wakikuyu huuita mutarakwa, Wamaasai oltarakwai, na Wananди tarakwet. Huko Usambara, Tanzania, huitwa mwangati. Kwa Kiswahili cha Kenya mtarakwa ni jina lifaalo, ingawa wengi, wakifuata Kiingereza, huuita mwerezi. Jina lake la kitaalamu, Juniperus procera, lilitangazwa mwaka 1847 katika kitabu cha Stephan Endlicher wa Vienna, kutokana na miti ya Uhabeshi. Neno procera maana yake ni mrefu, nalo ni neno la haki, kwa kuwa mtarakwa huweza kufika meta 40, na mijuniperi mingi ya dunia ni mifupi, mingine ni vichaka tu.

Mtarakwa na mti wa Kanari ni wa jamii moja lakini si wa tumbo moja. Mijuniperi ina matawi makubwa mawili. Tawi moja hubaki na majani ya sindano maisha yote, na mti wa Kanari ni wa tawi hili. Tawi la pili huwa na sindano utotoni tu. Mti ukikua, majani huwa magamba madogo yaliyolala juu ya kijiti kama magamba ya samaki. Mtarakwa ni wa tawi hili la pili. Zamani wataalamu wengine waliuhesabu kuwa ni mmoja na mjuniperi wa Ugiriki, lakini uchunguzi wa chembe za urithi umeonyesha kwamba ni namna yake peke yake.

Sifa moja ya mtarakwa haipatikani kwa mjuniperi mwingine wowote. Mijuniperi yote mingine asili yake ni kaskazini ya ikweta. Mtarakwa ndio pekee uliovuka mstari huo wenyewe. Kutoka Uarabuni na Uhabeshi umeshuka kwa njia ya milima ya Kenya na Tanzania hata Malawi na Zimbabwe.

Mkaaji wa Kwale hataukuta msituni kwake. Mtarakwa hupenda milima mikavu yenye baridi, kwa kawaida baina ya meta 1,500 na 2,900 juu ya bahari, na kilele cha milima ya Shimba hakifiki meta 500. Lakini huenda ameushika mkononi mwake bila kujua, kwa maana mbao za mtarakwa zilikatwa kwa wingi kutengeneza kalamu za risasi, na nguzo zake husafirishwa mbali.

FAIDA YA KUJUA

Faida ya kwanza ni ya mjenzi. Moyo wa mtarakwa, yaani sehemu ya ndani ya shina, hauliwi upesi na mchwa, na nguzo yake hukaa ardhini miaka mingi. Saipresi, mti uliotoka ng'ambo na kupandwa katika mashamba ya misitu ya bara, ni wa ukoo huo huo, na nguzo zake zikiwa zimemenywa hufanana na za mtarakwa. Lakini nguzo changa ya saipresi isiyotiwa dawa huliwa na mchwa upesi. Mtu wa Ukunda au Lunga Lunga aliyezoea boriti za mikoko, akiambiwa tu kwamba nguzo ni ya mwerezi, asitoe fedha kwa sababu ya jina. Na aombe ikatwe kidogo mwishoni. Mtarakwa una moyo mwekundu wa kahawia uliozungukwa na ukingo mweupe, na harufu yake ni ile ya kalamu ya risasi iliyochongwa sasa hivi. Saipresi rangi yake ni ya manjano iliyofifia. Tena ajue kwamba ukingo mweupe wa mtarakwa nao huliwa. Nguvu imo katika moyo. Na asinunue nguzo iliyokatwa msituni bila ruhusa.

Faida ya pili ni ya afya. Anayeudhani mtapo kuwa ni namna ya mnazi au mkindu aweza kudhani kwamba mbegu zake nazo huliwa kama kokwa za miti hiyo. Mbegu hizo zina sumu, na miti ya jamii hii yote ina tabia hiyo. Mwaka 1901, katika vita vya Makaburu, Jan Smuts na askari wake walikuwa na njaa katika milima ya Zuurberg, Afrika ya Kusini. Wakala mbegu za mtapo wa huko, wakaugua vibaya sana hata wakakosa nguvu ya kupigana. Yafaa watoto waonywe wasichezee mbegu hizo nyekundu kwa kuzitia mdomoni.

Faida ya tatu ni kubwa kuliko zote. Mtapo una miti ya kiume na miti ya kike, kila mmoja mbali. Mtarakwa kwa kawaida ni hivyo hivyo, na mti wa Kanari pia. Mti wa kiume hauzai mbegu, na mti wa kike ulioachwa peke yake hupitwa na majira yake bure. Kwa hiyo anayekata miti ya namna hii bila kuangalia aweza kuacha miti mingi imesimama, kumbe kizazi kimekwisha.

Jambo hilo limekwisha kutokea. Mwaka 1895 John Medley Wood aliuona katika msitu wa Ongoye, nchi ya Wazulu, mtapo wa namna isiyojulikana, nao ukaitwa Encephalartos woodii kwa jina lake. Ulikuwa mti wa kiume. Tangu siku hiyo watu wametafuta mwenzi wake wa kike, na hata leo hajaonekana. Machipukizi ya mti ule yamepandwa katika bustani za nchi nyingi, yamemea na kustawi, lakini yote ni ya kiume. Mti huo waishi, lakini hauna mwana wala hautakuwa naye asipopatikana mke.

Mtapo wa Shimba ni wa jamii moja na huo, nao bado una waume na wake katika misitu ya pwani ya Kenya na Tanzania. Mkataba wa mataifa uitwao CITES umezuia kufanya biashara ya kimataifa ya mitapo ya jamii hii iliyong'olewa porini. Lakini mlinzi wa karibu zaidi ni mtu apitaye njiani, akijua anachokiona. Wazee wa kaya, kama Kaya Kinondo karibu na Diani, walikataza kukata miti ya kaya kabla ya mkataba wowote kuandikwa. Na kwa sababu hiyo miti isiyojulikana thamani yake imesalia hata wataalamu wakaja kuipa majina.

KAZI YA MSOMAJI

Kwa kumaliza somo hili, walimu na wazazi waweza kuwapa vijana kazi tatu. Kwanza, waokote kijiti cha mvinje, wakivunje penye kifundo, na kuhesabu meno yake. Pili, wachonge kalamu ya risasi, wainuse na kuitazama rangi ya mti wake, kisha wauliza dukani imetengenezwa kwa mti gani. Si kalamu zote siku hizi ni za mjuniperi. Tatu, wakiwa pamoja na mtu mzima aujuaye msitu, wautafute mtapo wenye koni, nao waseme, bila kuugusa, kama ni mume au mke. Asiyeweza kujibu swali hilo la tatu asiufikirie mti huo kuwa ni wa kukatwa.